Anayejikuna Usimcheke!

Leo naomba radhi mapema, maana kabla hujafika mwisho wa safu hii utakuwa umeshajikuna, nyuma ya sikio, kwenye kisigino, au pale mgongoni ambapo mkono haufiki. Kusoma habari za kuwashwa kunawasha. Usije ukasema nimekutupia jini!

Mada yenyewe nimeiokota mbali, Enguserosambu. Hiyo ni kata iliyoko Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, huko juu karibu na mpaka wa Kenya. Ukimtajia mtu wa Dar es Salaam neno Loliondo, akili yake inaruka moja kwa moja hadi mwaka 2011, foleni za magari zikielekea Samunge kunywa kikombe cha Babu. Enguserosambu ni habari nyingine. Ni msitu wa mitarakwa na mizeituni pori, chemchemi, ng'ombe, na baridi ambayo asubuhi unaosha uso tu, mengine unamwachia Mungu. Dada yangu anafundisha huko, nami likizo nilikwenda kumsalimia.

Sasa njiani kuelekea chemchemi kuna majani mabichi mazuri tu, yenye meno pembeni kama msumeno. Nilikuwa nataka kuyapisha kwa mkono, dada akanidaka. "Usiguse, huo upupu!" Layoni mmoja aliyekuwa anapita na mbuzi wake akacheka mpaka fimbo ikamdondoka. Inaelekea wageni wengi wamemchekesha pale.

Lakini mimi nikabaki na swali. Upupu ninaoujua mimi, wa Morogoro na Pwani, ni mmea unaotambaa kama maharage, una maganda yenye manyoya ya kahawia. Ndio ule wanafunzi watundu wanamwaga darasani ili mtihani uahirishwe. Huu wa Enguserosambu hautambai wala hauna ganda la manyoya. Iweje vitu viwili tofauti vipewe jina moja?

Nikaanza kuchimba. Na nilichokipata, ndugu msomaji, kimenifanya nisimtazame tena mtu anayejikuna kwa jicho lile lile.

MAJANI MAWILI, JINA MOJA

Yale majani ya msituni wataalamu wanayaita Urtica massaica, na hilo jina la pili ni heshima kwa nchi ya Wamaasai. Kila unyoya wake ni kama bomba la sindano. Ncha yake ni ngumu na nyepesi kuvunjika, kama kioo. Ukiugusa, ncha inakatika, sindano inaingia kwenye ngozi na kumimina kemikali: histamini, asetilikolini na serotonini. Hapo ndipo unaruka! Papo hapo inachoma, inawasha, na ngozi inavimba vipele vyeupe. Ajabu ni kwamba majani hayo hayo yakipikwa yanakuwa mboga. Jirani zetu Wakikuyu wa Kenya wanayachanganya kwenye mukimo na wanakula bila wasiwasi.

Upupu wa Pwani kwa kitaalamu ni Mucuna pruriens. Wenyewe hauna haja ya kukuchoma sindano ya histamini. Manyoya yake yamebeba kimeng'enya.

Najua umesikia neno kimeng'enya ukiwa darasa la sita ukasahau darasa la saba. Kimeng'enya ni protini inayofanya kazi. Mate yako yana kimeng'enya kinachoanza kumeng'enya ugali ukiwa bado mdomoni. Tumboni kuna kingine kinachokatakata nyama. Hiki cha upupu nacho ni cha jamii ya wakataji wa protini, ni mkasi mdogo kuliko unavyoweza kufikiria. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Marekani, Shelley na Arthur, walikitambua, wakakipa jina mucunaini kutokana na jina la mmea wenyewe.

Wanajuaje kuwa kinachowasha ni kimeng'enya na siyo ule unyoya wenyewe kuchomachoma? Ni rahisi. Yapashe moto mkali manyoya ya upupu, halafu yapake kwenye ngozi. Unyoya ni ule ule, ncha ni ile ile, lakini muwasho haupo! Protini imeiva, kama yai lililochemshwa. Yai lililochemshwa halitotoi kifaranga, na mkasi uliochemshwa haukati.

MLANGO WENYE UFUNGUO WAKE

Sasa huo mkasi unakata nini? Hapa ndipo nilipokaa chini kabisa, maana ni kitu cha ajabu.

Chini ya ngozi yako kuna mishipa ya fahamu myembamba mno, ambayo ncha zake zimetapakaa kama mizizi ya nyasi. Kazi yake ni kupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na kutoka hapo kwenda kwenye ubongo. Ile inayobeba taarifa za kuwashwa ni ya mwendo wa pole, wastani wa mita moja kwa sekunde, yaani kama mzee anayetembea na bakora.

Kwenye ncha hizo kuna vitu vinaitwa vipokezi. Wewe vichukulie kama milango. Mlango ukifunguliwa, mshipa unapiga kelele, "Kuna kitu hapa, kuna!" Milango mingi inafunguliwa na ufunguo unaotoka nje. Histamini, kwa mfano, ni ufunguo. Inafika mlangoni, inaingia kwenye tundu, mlango unafunguka.

Ila kuna aina ya milango ambayo ufunguo wake umefungwa hapo hapo mlangoni, umefunikwa na kifuniko. Hauhitaji ufunguo kutoka nje. Unahitaji mtu mwenye mkasi. Mkasi ukikata kile kifuniko, ufunguo uliofichwa unachomoza, unajikunja, unajichomeka wenyewe kwenye tundu. Mlango wazi! Na kwa kuwa kifuniko kimeshakatwa, hakirudi tena, mpaka seli iuondoe mlango ule na kuweka mpya.

Mwaka 2008 timu ya Dk. Ethan Lerner wa hospitali ya Massachusetts General, Boston, ilionyesha kuwa hivyo ndivyo upupu unavyofanya. Mucunaini inakata milango miwili ya namna hiyo, PAR2 na PAR4. Wala haipiti kwenye mlango wa histamini. Kumbuka hilo, maana ndilo la muhimu kuliko yote leo.

Kwa nini muhimu? Kwa sababu sisi Watanzania tukiwashwa tu, mkono mmoja unakuna na mwingine unatafuta Piriton. Piriton kazi yake ni kuziba mlango wa histamini basi. Ukiwa umevimba kwa mbu au umevamiwa na majani yale ya Enguserosambu, ina maana. Lakini mtu aliyemwagiwa upupu wa Pwani, ukimpa Piriton utamlaza usingizi tu, aendelee kujikuna akiwa anaota.

MIKASI MINGINE TUNAYO WENYEWE

Usidhani mikasi hii iko porini tu. Kwenye ngozi yako kuna seli za ulinzi zilizojaa vifuko vya kemikali. Zikikasirika zinapasua vifuko na kumwaga histamini. Hilo wengi wanalijua. Lakini pamoja na histamini zinamwaga pia kimeng'enya kinaitwa triptasi, na hicho nacho ni mkasi wa mlango wa PAR2, ule ule ulioguswa na upupu! Kwa hiyo kuna mtu hajawahi kuona upupu maishani, yuko zake Kariakoo anauza vitenge, na upupu wake uko ndani ya ngozi.

Kuna wengine wamealika mikasi bila kujua. Mwaka 2023 Dk. Isaac Chiu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti kuhusu bakteria anayeitwa Staphylococcus aureus. Huyu anapenda kukaa kwenye ngozi ya watu wenye ukurutu. Zamani iliaminika muwasho wa ukurutu unatokana na ngozi kuvimba peke yake. Wao wakaona bakteria mwenyewe ana mkasi, kimeng'enya kinachoitwa V8, kinachokata mlango mwingine wa ukoo huo huo, PAR1, moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu. Panya waliopakwa bakteria asiye na mkasi huo walijikuna kidogo. Na panya waliopewa vorapaxar, dawa iliyotengenezwa kuzuia damu kuganda, ambayo inaziba mlango wa PAR1, nao walijikuna kidogo na ngozi yao haikuharibika sana. Hao ni panya, bado si mimi na wewe, kwa hiyo usikimbie duka la dawa kuiulizia.

Hebu ona ujanja wa huyo bakteria. Anakuwasha, unajikuna, kucha zinapasua ngozi, naye anapata mlango wa kuingilia. Unamfungulia mwenyewe kwa mikono yako!

Halafu kujikuna kwenyewe ni mtego. Ukikuna unajiumiza kidogo, maumivu yanafunika muwasho, unasikia raha mpaka unafumba macho. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walionyesha kwa panya kwamba ubongo ukituliza maumivu kwa serotonini, serotonini hiyo hiyo inauongezea nguvu muwasho kule kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo unakuna, unapoa, unawashwa zaidi, unakuna tena. Ni kama kumlipa mdai kwa mkopo wa riba.

WAULIZE WAZAZI HABARI ZA KLOROKWINI

Ukiona nazungumza mambo ya panya na Harvard, ukadhani hayakuhusu, muulize mtu aliyekuwa mtu mzima miaka ya 1980 na 1990 kuhusu klorokwini. Ilikuwa ndiyo dawa ya malaria, chungu kama nini, na ikishaingia mwilini baada ya saa kadhaa, wengine inaanza kuwawasha. Viganja, nyayo, kichwa, mwili mzima. Hakuna kipele hata kimoja! Ukijitazama ngozi safi, lakini ndani ni kama sisimizi wamefanya mkutano.

Mama yangu mdogo anasimulia kwamba alikuwa anazificha zile tembe chini ya ulimi, akitoka nje anazitema kwenye ua. Bibi akidhani amemeza. Alikuwa radhi atetemeke na homa kuliko kuwashwa siku mbili. Na hakuwa peke yake. Mwaka 1991 Mnyika na Kihamia walichapisha utafiti uliofanyika Dar es Salaam kuhusu jambo hilo hilo, muwasho wa klorokwini na jinsi unavyoathiri matumizi ya dawa. Fikiria, watu wanaacha dawa ya ugonjwa unaoua kwa sababu ya kuwashwa! Halafu tunasema kuwashwa ni jambo dogo.

Piriton ziligawiwa sana pamoja na klorokwini, na wengi haziku­wasaidia kitu. Sababu ilikuja kueleweka baadaye. Mwaka 2009 Dk. Xinzhong Dong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliugundua mlango wenyewe. Kwa panya unaitwa MrgprA3, na kwa binadamu ndugu yake ni MrgprX1. Klorokwini ni ufunguo wa mlango huo, na mlango huo hauhusiani na histamini. Kwa hiyo wale waliokuwa wanaambiwa "acha deko, meza dawa" walikuwa wanasema kweli tupu. Tanzania iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, siyo kwa ajili ya muwasho bali kwa sababu vijidudu vya malaria vilikuwa vimeizoea.

MTOTO WA KUKAA MLANGONI

Sasa turudi Enguserosambu, maana kuna jambo huko lililonigusa.

Boma la jirani wa dada kuna mtoto wa kiume, umri kama miaka saba. Jioni baridi ikiingia, watoto wote wanajibanza pamoja kwenye shuka moja, hadithi zinaanza. Yeye anakaa peke yake karibu na mlango. Nikadhani ana adhabu. Kumbe anajikuna. Wenzake hawamtaki, wanamwita mchafu. Mkono mmoja ulikuwa na vidonda vya kucha, vingine vimeanza kutoa usaha.

Nikaenda kumsalimia bibi yake. "Takwenya, koko." "Iko," akaitika, akanikaribisha chai ya maziwa. Nikamuuliza habari za mjukuu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mama yake anamuogesha kila siku, mwanangu. Huku maji tunayafuata mbali. Lakini kuwashwa hakutoki." Walishanunua Piriton mara tatu. Mtoto alikuwa analala kweli, lakini anajikuna usingizini. Watu wakaanza kunong'ona kuhusu jicho baya.

Dada yangu hakusema mengi. Alishika viganja vya mtoto, akatazama katikati ya vidole, akatazama na vifundo vya mikono. Halafu akauliza swali moja tu, "Nani mwingine humu anawashwa usiku?" Kimya. Baadaye koko akacheka kwa aibu, akanyoosha mkono. Mama wa mtoto naye. Na madada wawili.

Upele! Ule wa wadudu wadogo wanaochimba mashimo ndani ya ngozi na kutaga mayai. Mwili unamkasirikia mdudu, mayai yake na kinyesi chake, ndipo muwasho unapokuja. Mtu anayeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa, huku anawapa wengine. Na mdudu huyo hachagui aliyeoga na asiyeoga. Anapita ngozi kwa ngozi. Wanaolala shuka moja kwa sababu ya baridi na upendo ndio anaowapenda zaidi. Kwa hiyo yule mtoto hakuwa mchafu, na waliomtenga walikuwa na wadudu hao hao!

Nesi wa zahanati aliwapa dawa ya kupaka, akasisitiza wapake boma zima siku moja, wanaowashwa na wasiowashwa. Shuka zikafuliwa kwa maji ya moto zikaanikwa juani. Akawaonya pia kwamba muwasho unaweza kubaki wiki kadhaa hata wadudu wakishakufa, wasikate tamaa wala wasijipake dawa kila siku. Nilishaondoka wakati huo. Baada ya wiki tatu dada alinipigia simu kwa mambo mengine kabisa, akaniambia kwa kupitia tu kwamba siku hizi yule mtoto analala katikati.

BASI UFANYEJE?

Mimi si daktari, elimu yangu ni ya sekondari, lakini haya niliyoyakusanya yatakufaa.

Ukimwagiwa upupu, usisugue wala usikune, utayazamisha manyoya ndani. Vua nguo taratibu. Yanase kwa plasta, gundi ya karatasi au donge la unga uliokandwa, kisha osha kwa maji mengi yanayotiririka. Nguo zichemshe. Nguo nimesema, wewe usijichemshe!

Ukiona muwasho unazidi usiku, na nyumbani wanaojikuna ni zaidi ya mmoja, fikiria upele kabla hujafikiria uchawi. Nendeni kupima, na mkitibiwa mtibiwe wote.

Ukiwashwa wiki kadhaa na ngozi haina kipele, usiendelee kununua Piriton kimyakimya. Ini, figo, kisukari na magonjwa ya damu vinaweza kuwasha bila kuacha alama. Na wewe mama mjamzito, ukiwashwa viganja na nyayo hasa miezi ya mwisho, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Nenda hospitali leo, kuna muwasho wa ini la mjamzito ambao ni hatari kwa mtoto aliye tumboni.

Na dawa ukipewa ikakuwasha, rudi ukamwambie aliyekupa. Kuitema kwenye ua si tiba.

Zaidi ya yote, jirani yako kwenye daladala akijikuna, usisogee kwa dharau ukabana pua. Hujui ni mkasi gani umemkata, wala ni mlango gani umefunguka. Kucha unaziona wewe, anayewashwa ni yeye.

Haya, nimemaliza. Sema kweli, umejikuna mara ngapi? Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Kata kucha!